Kubuni mipangilio na uhakiki wake katika programu ya vijenzi vingi

Programu iliyojengwa kwa vijenzi, yaani sehemu zinazojitegemea, ina tatizo ambalo programu ya kipande kimoja haina: mipangilio yake huandikwa mahali pamoja, mara nyingi na mtu mmoja, lakini husomwa mahali pengi na vijenzi visivyojuana. Kijenzi kinachopokea picha kutoka kwa watumiaji hakijui kwamba foleni iliyo nyuma yake inakataa ujumbe unaozidi ukubwa fulani, na foleni nayo haijui kijenzi cha kupunguza picha kimepewa sekunde ngapi kwa kila kazi. Kila kimoja kikikaguliwa peke yake kinaonekana kizima. Vikiunganishwa, kazi hupotea njiani, na ujumbe wa kosa unaojitokeza hautaji hata kidogo mpangilio ulioleta hasara hiyo.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni mfumo wa kuchakata picha wenye vijenzi vinne: kipokezi, foleni, kipunguzi na hifadhi. Msimamo ninaoutetea ni kwamba kijenzi kitangaze kinachohitaji badala ya kwenda kukitafuta chenyewe. Kwamba thamani zote zihakikiwe kwa pamoja kabla kijenzi cha kwanza hakijawashwa. Na kwamba thamani iliyokwisha kuhakikiwa igeuzwe kuwa umbo ambalo halihitaji kuhakikiwa tena popote.

Amua kwanza kipi kinastahili kuwa mpangilio

Kila mpangilio ni njia panda. Mipangilio kumi ya ndiyo au hapana huzaa hali 1,024 tofauti za programu ile ile, na sijaona timu iliyozijaribu zote. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza ufunguo mpya (jina la mpangilio) katika faili la usanidi, yaani faili linalobeba mipangilio, jiulize kama thamani yake kweli itatofautiana kati ya mazingira ya majaribio na mazingira ya kazi, kama yupo mtu atakayekuwa na sababu ya kuibadilisha bila kugusa msimbo, na kama mtu huyo atakuwa na taarifa za kutosha kuchagua thamani iliyo sahihi. Swali la tatu husahaulika kuliko mengine. Mipangilio mingi huzaliwa kwa sababu wasanidi wawili walishindwa kukubaliana, wakaamua kumwachia mwendeshaji wa mfumo uamuzi ambao wao wenyewe, wenye msimbo mikononi, walishindwa kuufanya.

Mpangilio uliokwisha kazi uondolewe, na jina lake lisipewe maana nyingine. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa muda wa dakika 45 hivi katika soko la hisa. Programu yake mpya ilitumia upya bendera (mpangilio wa kuwasha au kuzima) ambayo hapo zamani iliwasha msimbo uliokuwa umeachwa. Seva saba kati ya nane zilipata msimbo mpya, ya nane ikabaki na ule wa zamani, na bendera ilipowashwa seva hiyo moja ikaamsha kazi iliyokuwa imelala kwa miaka. Bendera yenyewe ilikuwa halali kwa seva zote nane. Kilichotofautiana ni maana yake, na hakuna uhakiki wa aina au wa mipaka unaoweza kunasa kosa la namna hiyo. Dawa yake ni nidhamu ya majina tu.

Kijenzi kitangaze mahitaji yake

Tangazo la mipangilio likae ndani ya msimbo wa kijenzi chenyewe, wala si katika faili moja kubwa la mfumo mzima. Kijenzi kikiondolewa, mipangilio yake huondoka nacho. Kikihamishiwa mfumo mwingine, huibeba. Kwa kila ufunguo, tangazo litaje jina, aina ya thamani, mipaka yake, chaguo-msingi (thamani inayotumika mtu asipoandika yoyote) au kauli kwamba ni lazima ijazwe, kama thamani hiyo ni siri, kama inaweza kubadilishwa programu ikiwa inaendelea, na sentensi moja ya maelezo kwa mtu asiyesoma msimbo. Kutokana na tangazo hilo moja unaweza kuzalisha kihakiki, hati ya maelezo na faili la mfano. Ukiandika vitatu hivyo kwa mkono, vitaanza kupishana kabla mwezi haujaisha.

Faili la mfumo wetu wa picha linaweza kuwa hivi:

```
kipokezi:
  poti: 8080
  ukubwa_wa_juu: 6MiB
  muda_wa_kusubiri: 20s
foleni:
  ukubwa_wa_ujumbe: 8MiB
  majaribio: 3
kipunguzi:
  muda_wa_kazi: 5s
  upana_wa_juu: 1600
hifadhi:
  saraka: /data/picha
```

Kijenzi kisisome faili hili, wala kisichungulie vigeu vya mazingira (thamani ambazo programu hupewa na mfumo wa uendeshaji inapowashwa). Kipewe rekodi iliyokwisha kujazwa wakati wa kuundwa kwake, basi. Sababu ya kwanza ambayo wengi huitaja ni urahisi wa majaribio, nayo ni kweli, lakini sababu inayonishawishi zaidi ni kwamba siku moja utahitaji vijenzi viwili vya aina moja. Mfumo wetu utatakiwa kutoa picha ndogo za orodha na picha kubwa za ukurasa, na kipunguzi kinachosoma kigeu kimoja cha mazingira chenye jina lililoandikwa ndani ya msimbo hakiwezi kuwekwa mara mbili katika programu moja. Tenganisha mapema aina ya kijenzi na jina la nakala yake:

```
vijenzi:
  picha_ndogo:
    aina: kipunguzi
    upana_wa_juu: 320
  picha_kubwa:
    aina: kipunguzi
    upana_wa_juu: 1600
```

Jambo jingine linalopaswa kutangazwa ni dhana ambazo kijenzi kinazichukulia kuwa za kweli, hata pale ambapo si mipangilio. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika takriban sekunde 40 tu baada ya safari yake ya kwanza kuanza. Kijenzi cha programu cha mfumo wa mwelekeo kilikuwa kimechukuliwa kutoka Ariane 4, na ndani yake namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16 bila kinga. Kwa mwendo wa Ariane 4 thamani hiyo ilitosha katika biti 16. Kwa mwendo wa Ariane 5 ikafurika. Kijenzi hakikuwa kibovu mahali kilipotoka. Kilihamia mahali ambapo kikomo chake hakikuwa kimeandikwa kwa namna ambayo mfumo mpya ungelazimika kukikabili.

Majina na vipimo

Jina la mpangilio wa muda au ukubwa bila kipimo ni mtego. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea mwezi Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa thamani za msukumo kwa pauni-sekunde, huku programu iliyozipokea ikizichukulia kuwa newtoni-sekunde. Namba zilikuwa namba, aina yake ilikuwa sahihi, na hakuna kilicholalamika. Kataa namba tupu pale panapohitajika kipimo. Thamani kama `20s` au `500ms` isomwe na kugeuzwa mara moja kuwa aina ya muda ya lugha unayotumia, na thamani `20` peke yake ihesabiwe kuwa kosa, hata kama unadhani kila mtu anajua kwamba unamaanisha sekunde. Kwa ukubwa wa data, amua waziwazi kama MB ni baiti 1,000,000 au 1,048,576, kwa kuwa zana mbalimbali hazikubaliani. Mimi huandika MiB kwa ile ya pili na kukataa ile isiyoeleweka.

Hifadhidata ya PostgreSQL inaonyesha uzuri na ugumu wa jambo hili kwa pamoja. Inakubali vipimo kama `MB` na `min`, lakini ukiandika `shared_buffers` bila kipimo, namba yako huhesabiwa kwa vipande ambavyo kwa kawaida ni kilobaiti 8 kila kimoja. Katika mfumo huo huo, mpangilio wa `log_min_duration_statement` huzimwa kwa -1, ilhali 0 huagiza kila amri iandikwe katika faili la kumbukumbu. Anayedhani kwamba sifuri ni kuzima atajaza diski. Katika usanidi wako mwenyewe, usitumie namba kubeba maana isiyo ya namba: ukitaka jambo lizimwe, toa neno la kulizima.

Lugha ya faili

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mabishano juu ya lugha za usanidi huchukua muda mwingi kuliko yanavyostahili. JSON haina nafasi ya maelezo ya mwandishi, na visomaji vyake vingi hukubali ufunguo uliorudiwa mara mbili na kuchukua wa mwisho kimyakimya. Chagua kisomaji kinachoweza kuukataa. YAML ya toleo la 1.1 huligeuza neno `NO` lisilo na alama za kunukuu kuwa hapana, jambo lililowasumbua watu walioandika orodha ya misimbo ya nchi, ambamo `NO` ni Norwei, wakakuta nchi hiyo imetoweka. Namba ya toleo `1.10` nayo husomwa kuwa desimali na kubaki 1.1. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliacha desturi ya `NO`, lakini maktaba nyingi bado hufuata ile ya zamani. TOML, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2021, ni kali zaidi kuhusu aina, ila huchosha pale muundo unapokuwa na ngazi nyingi. Vigeu vya mazingira ni maandishi matupu daima, na ugeuzaji wa maandishi una vituko vyake: katika Python, `bool("false")` huleta ndiyo, kwa kuwa maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli.

Lolote utakalochagua, usiruhusu lugha ya faili iamue aina ya thamani. Tangazo la kijenzi ndilo linaloamua, na thamani isiyolingana nalo ikataliwe badala ya kubembelezwa.

Tabaka na asili ya kila thamani

Kwa kawaida thamani hutoka katika tabaka nne: chaguo-msingi la kijenzi, faili la usanidi, vigeu vya mazingira, na vigezo vya mstari wa amri, kila tabaka likiishinda iliyotangulia. Utaratibu huu unafahamika kwa watu wengi na sioni sababu ya kubuni mwingine. Ugumu uko katika kuunganisha. Rekodi zikiunganishwa ufunguo kwa ufunguo hakuna anayeshangaa, lakini orodha hazina jibu moja: je, orodha ya tabaka la juu inachukua nafasi ya ile ya chini, au inaongezwa mwisho wake? Chagua kuchukua nafasi, kwa sababu orodha inayoongezwa haimwachii mtu wa tabaka la juu njia ya kuondoa kitu. Tofautisha pia ufunguo uliokosekana na ufunguo ulioachwa mtupu. Kukosekana maana yake ni kutumia tabaka la chini. Utupu ni thamani, na iwapo tangazo haliuruhusu basi ni kosa.

Wakati wa kuunganisha, hifadhi asili ya kila thamani: faili gani, mstari wa ngapi, au kigeu gani. Ni kazi ndogo ikifanywa mwanzoni, na karibu haiwezekani kuiongeza baadaye. Jedwali la `pg_settings` la PostgreSQL hufanya hivyo kwa safuwima za `source`, `sourcefile` na `sourceline`, na yeyote aliyewahi kutafuta ni faili lipi kati ya matatu lililoishinda thamani aliyoiandika anajua thamani ya safuwima hizo.

Uhakiki wenyewe

Uhakiki una hatua, na mfuatano wa hatua hizo una maana. Hatua ya kwanza ni umbo: je, sehemu zote za lazima zipo, na je, hakuna ufunguo usiojulikana? Wengi huacha ufunguo usiojulikana upite kwa hoja kwamba hauna madhara. Niliwahi kupoteza siku mbili nzima katika mradi mmoja kwa sababu ufunguo ulioandikwa `muda_wa_kusubri`, ukiwa umekosa herufi moja, ulipuuzwa kimya, na mfumo ukaendelea kutumia chaguo-msingi la sekunde 30 huku sisi sote tukiapa kwamba tumeupunguza hadi sekunde 5. Tangu siku hiyo ufunguo usiojulikana kwangu ni kosa, si onyo. Onyo husomwa na nani, programu ikiwa imeshawaka?

Hatua ya pili ni aina na mipaka ya kila thamani peke yake. Poti iwe kati ya 1 na 65535, idadi ya majaribio isiwe hasi, upana usizidi kile ambacho kumbukumbu ya kompyuta inaweza kubeba. Hapa ndipo uhakiki na ugeuzaji vinapaswa kuwa tendo moja. Kihakiki kinachosoma maandishi `20s`, kikasema ni sawa, kisha kikayaacha maandishi hayo hayo yaendelee na safari, kimelazimisha kila kijenzi kuyasoma upya, na msomaji wa pili anaweza kuyaelewa kwa namna nyingine. Kihakiki kitoe muda, si maandishi yanayofanana na muda. Kitoe anwani iliyokwisha kuchambuliwa, si mfuatano wa herufi. Rekodi inayomfikia kipunguzi iwe ya aina ambayo haiwezi kuundwa kwa njia nyingine isipokuwa kupitia kihakiki, nayo isibadilike baada ya hapo.

Hatua ya tatu ni uhusiano ndani ya kijenzi kimoja. Ukiwa na kiwango cha chini na cha juu, cha chini kisizidi cha juu. Ukiwasha usimbaji fiche, njia ya cheti iwepo. Mara nyingi kanuni hizi ni dalili kwamba umbo la mipangilio halikubuniwa vizuri. Badala ya bendera ya `washa_usimbaji` pamoja na funguo tatu zinazohitajika bendera ikiwa imewashwa, weka sehemu moja iitwayo `usimbaji` ambayo ama haipo kabisa au ipo na funguo zake zote, na kanuni uliyokuwa ukiiandika itatoweka yenyewe kwa kuwa hali mbovu haiwezi tena kuandikwa.

Hatua ya nne, uhusiano kati ya vijenzi, ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, kwa kuwa ndiyo inayokosekana katika mifumo mingi niliyoiona. Rudi kwenye faili letu la kwanza. Kipokezi kinasubiri jibu kwa sekunde 20. Foleni hujaribu mara tatu, na kila jaribio la kipunguzi lina sekunde 5, jumla sekunde 15. Hapo tuko salama. Mtu akiongeza majaribio kuwa matano, jumla inakuwa sekunde 25, na kipokezi kitaanza kumwambia mtumiaji kwamba kazi imeshindikana ilhali kipunguzi bado kinaifanya. Mtumiaji atatuma tena, na mzigo utaongezeka pale pale ulipokuwa umezidi. Hakuna kijenzi hata kimoja chenye kosa.

Ukubwa una hila zaidi. Kipokezi kinaruhusu 6MiB na foleni inaruhusu 8MiB, na kwa macho kuna nafasi ya kutosha. Lakini ikiwa foleni hubeba maandishi tu, picha itabadilishwa kuwa Base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, ambayo hutoa herufi nne kwa kila baiti tatu. Sita mara nne gawanya kwa tatu ni nane kamili, na bado hatujaongeza kichwa cha ujumbe. Picha ya 5.9MiB itapita, ya 6MiB itakataliwa na foleni, na malalamiko yatakuja kwa wale wachache tu wenye picha kubwa kabisa, pengine wiki kadhaa baada ya mabadiliko.

Kanuni za namna hii zikae wapi? Zisikae ndani ya kipokezi, kwa kuwa kipokezi kikianza kujua habari za foleni hutaweza tena kukitumia bila foleni hiyo. Zikae katika sehemu inayoviunganisha vijenzi, ile inayojua kwamba hiki kiko mbele ya kile. Hata hivyo sehemu hiyo haipaswi kujua siri za Base64. Ni foleni inayojua jinsi ujumbe unavyokua. Kwa hiyo kila kijenzi, baada ya kupokea mipangilio yake, kiseme kinachoahidi na kinachotaka kwa lugha ya nje: foleni iseme mzigo mkubwa kabisa inaoweza kuubeba ukiwa bado ghafi, kipunguzi kiseme muda mrefu kabisa kinaoweza kuchukua, na kipokezi kiseme ukubwa kitakaoupitisha na muda kitakaosubiri. Kiunganishi kinabaki na kazi ya kulinganisha namba mbili. Foleni ikibadilishwa kesho na nyingine inayobeba baiti kama zilivyo, kanuni haibadiliki. Ahadi pekee ndiyo inayobadilika.

Hatua ya tano inagusa ulimwengu wa nje: saraka ya hifadhi ipo na inaandikika, jina la seva linapatikana, hifadhidata inaitika. Itenge na hatua nne za awali. Hizo nne hutegemea maandishi ya usanidi peke yake na zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote, ilhali hii ya tano inaweza kufaulu saa hii na kushindwa baada ya dakika tano. Hifadhidata isiyoitika kwa muda si ushahidi kwamba usanidi ni mbaya, na programu inayokataa kuwaka kwa sababu hiyo hushindwa kujirudisha yenyewe baada ya hitilafu ya mtandao. Saraka isiyokuwepo, kwa upande wake, haitajitengeneza. Hapo kataa kuwaka.

Kuna tahadhari moja zaidi, nayo inahusu kihakiki chenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili la usanidi wa programu yake ya ulinzi, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Aina ya kiolezo iliyohusika ilitangaza sehemu 21 za kuingizia, lakini msimbo uliokiita kifasiri ulitoa thamani 20 tu. Kihakiki, kwa kosa la mantiki, kililipitisha faili lililotumia sehemu ya 21, na kifasiri kikasoma nje ya kumbukumbu yake. Kihakiki na msomaji walikuwa na picha mbili tofauti za kitu kimoja. Ndiyo maana ninasisitiza tangazo moja linalozalisha vyote viwili, na ndiyo maana kijenzi kinachosoma data ya nje kinapaswa kubaki na kinga yake ya mipaka hata baada ya kuambiwa kwamba data imehakikiwa.

Ujumbe wa kosa

Kusanya makosa yote kisha uyatoe kwa pamoja. Programu inayosimama kwenye kosa la kwanza humlazimisha mwendeshaji kuiwasha mara saba ili kugundua makosa saba. Mpaka wake ni kwamba hatua ya nne isiendeshwe kwa vijenzi ambavyo hatua za awali zimeviona vibovu, la sivyo utatoa makosa ya uongo yanayotokana na yale ya kweli.

Ujumbe mzuri hutaja njia kamili ya ufunguo, thamani iliyokutwa, kilichotarajiwa, na mahali thamani ilipotoka:

```
usanidi.yaml, mstari wa 4: kipokezi.muda_wa_kusubiri ni 20s
  lakini majaribio 5 ya foleni (mazingira: FOLENI_MAJARIBIO)
  yenye kazi ya 5s kila moja yanaweza kuchukua 25s.
  Ongeza muda wa kusubiri au punguza majaribio.
```

Kwa ufunguo usiojulikana, pendekeza ulio karibu kwa kutumia umbali wa Levenshtein, yaani idadi ya herufi za kubadilisha, kuongeza au kuondoa ili neno moja liwe jingine; ni mistari michache ya msimbo, na zile siku zangu mbili za `muda_wa_kusubri` zingeisha kwa dakika moja. Thamani iliyotangazwa kuwa siri isionyeshwe kamwe, hata sehemu yake, hata ikiwa ndiyo yenye kosa: sema kwamba nenosiri ni fupi kuliko inavyoruhusiwa, usiseme lilikuwa nini. Njia ya kuaminika ni kuipa siri aina yake maalumu ambayo ikichapishwa hutoa nyota tu, ili usitegemee kumbukumbu ya kila mwandishi wa msimbo.

Kubadilisha mipangilio programu ikiendelea

Mipangilio michache tu ndiyo inayohitaji uwezo huu, na tangazo liitaje. PostgreSQL hufanya hivyo kwa safuwima ya `context` inayoonyesha kama mabadiliko yanahitaji seva iwashwe upya. Pale unapouruhusu, usibadilishe ufunguo mmoja mmoja. Soma faili lote upya, lipitishe katika hatua zote za uhakiki, jenga rekodi mpya nzima, kisha ubadilishe kiashiria cha rekodi inayotumika kwa tendo moja lisilogawanyika, huku kila kazi iliyokwisha kuanza ikimalizia kwa rekodi ya zamani. Uhakiki ukishindwa, rekodi ya zamani ibaki. Hivi ndivyo seva ya wavuti ya nginx inavyofanya inapoagizwa kusoma usanidi upya: faili jipya likiwa na kosa, hutoa ujumbe na kuendelea na lile la awali.

Vijenzi vinapokuwa vingi, ubadilishaji uwe na awamu mbili. Kwanza kila kijenzi kiulizwe kama kinaweza kuipokea rekodi mpya, kikiandaa rasilimali zake bila kuzitumia; wote wakikubali, ndipo waagizwe kuhama. Kimoja kikikataa, wote hutupa walichoandaa. Bila awamu hizi utaishia na foleni yenye majaribio matano na kipokezi chenye muda wa zamani, yaani hali ile ile ambayo hatua ya nne ilikusudiwa kuizuia.

Kubadilisha jina la ufunguo kunahitaji uangalifu kama huo. Kubali jina la zamani kwa matoleo kadhaa huku ukitoa onyo linalotaja jina jipya na toleo ambalo la zamani litaondolewa. Majina yote mawili yakikutwa pamoja, kataa, hata kama thamani zake zinafanana.

Amri ya kukagua

Toa amri inayoendesha uhakiki bila kuwasha chochote, kama `nginx -t` au `visudo -c`, yenye msimbo wa kutokea (namba ambayo amri hurudisha inapomaliza) usio sifuri pale penye kosa. Hatua nne za kwanza ziendeshwe na amri hiyo katika mlolongo wa ujenzi, dhidi ya mafaili halisi ya kila mazingira na si dhidi ya faili la mfano peke yake, kila mara msimbo au usanidi unapobadilika. Hatua ya tano iwe chaguo la ziada la amri hiyo, liendeshwe kwenye mashine yenyewe kabla ya kuwasha. Amri iwe pia na njia ya kuchapisha usanidi wa mwisho baada ya kuunganisha tabaka zote, kila thamani na asili yake, siri zikiwa zimefichwa. Mwendeshaji anayetafuta hitilafu usiku ataifikia hiyo kabla ya hati yoyote uliyoandika.

Katika majaribio, usijaribu mafaili mazuri tu. Weka saraka ya mafaili mabovu, kila moja likiwa na kosa moja na ujumbe unaotarajiwa, na kila hitilafu ya usanidi itakayopenya hadi mazingira ya kazi iongezwe humo kama faili jipya kabla ya kurekebishwa. Faili la kwanza katika saraka yangu bado ni lile lenye herufi moja iliyokosekana.